Shilingi 40,000 za Karatasi, 32,746 za Mkononi

Mazungumzo na vijana wanaomaliza mafunzo ya hoteli, ufundi na uhasibu, Mikindani, Mombasa, 2025

Asalaam aleikum. Na wasioitikia hiyo, hamjambo. Wazee wangu mlioketi mbele, kina mama, walimu, na nyinyi wanangu mliojibana huko nyuma karibu na mlango kana kwamba mnapanga kutoroka: sogeeni, viti vipo, na mimi siumi.

Nimeombwa nizungumze nusu saa juu ya mkataba wa kazi. Nusu saa haitoshi mkataba mzima, kwa hivyo nimechagua mstari mmoja tu. Ule ambao kijana akipewa barua ya kazi huruka kila kitu, akaruka hata jina lake mwenyewe, akaenda kuutafuta. Mnaujua. Mstari wa pesa.

Nimekuwa karani wa mishahara miaka mingi, kwanza kampuni ya kutoa mizigo bandarini, halafu hoteli huko upande wa Bamburi. Kazi yangu ilikuwa kukaa baina ya tajiri, yaani mwajiri, na mfanyakazi, karatasi mkononi. Kila mwisho wa mwezi nilimjua atakayebisha hodi: mgeni wa mwezi wa kwanza. Ameshika pesilipu, karatasi ya hesabu ya mshahara wake, kama mtu aliyeshika majibu ya hospitali. "Bi, pesa zangu nyingine ziko wapi?"

Sikumcheka hata mmoja, maana nilianza hivyo hivyo. Nilipoajiriwa mara ya kwanza niliiona ile tarakimu kwenye barua, na jioni ile ile nikaenda kwa fundi nikaagiza kabati la milango mitatu. Nikamwambia mwisho wa mwezi namalizia. Mwisho wa mwezi ukaja na pesa ya kabati la mlango mmoja na nusu. Nikajaribu kumweleza fundi habari za makato. Yeye makato anayoyajua ni ya msumeno.

Sasa tuyaweke majina sawa. Vitabuni wanasema mshahara ghafi na mshahara halisi. Ofisini tunasema grosi na neti. Marehemu mamangu, ambaye hakuajiriwa siku moja maishani mwake, alisema pesa ya karatasi na pesa ya mkononi, na sijasikia mtu aliyesema vizuri zaidi yake. Pesa ya karatasi ni jumla unayoahidiwa kabla hakijatolewa kitu: mshahara wa msingi, posho ya nyumba, posho ya nauli, vyote kwa pamoja. Pesa ya mkononi ndiyo inayolia kwenye simu yako.

Tuchukue kijana mmoja, tusimpe jina. Barua yake imesema shilingi 40,000 kwa mwezi. Nimechagua hiyo kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Sisemi ndizo mtakazopewa, tusidanganyane asubuhi yote hii.

Mlango wa kwanza wa kutokea pesa zake ni NSSF, akiba ya uzeeni. Wazee hapa mbele wanakumbuka shilingi 200 zile, miaka nenda miaka rudi. Sheria mpya ilipitishwa 2013, ikazuiliwa kortini miaka, ikaanza kutumika Februari 2023. Sasa ni asilimia 6 ya mshahara, mpaka ukomo fulani, na kijana wetu yuko chini ya ukomo huo. Kwake ni shilingi 2,400. Na tajiri naye anatoa 2,400 nyingine kutoka mfukoni mwake, si kutoka kwako. Hiyo ya pili iwekeni pembeni, nitairudia.

Mlango wa pili ni bima ya afya ya jamii, SHIF, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024. Asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Kwake ni 1,100. NHIF mtu wa mshahara mkubwa alikuwa akifika 1,700 anasimama. Hii haisimami. Wa chini kabisa hutoa 300.

Mlango wa tatu ni ushuru wa nyumba, ule wa mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, shilingi 600. Tajiri naye anaongeza 600 zake.

Jumlisheni. 2,400 na 1,100 na 600 ni 4,100. Zimebaki 35,900, na mpaka hapa kodi ya mapato haijagusa kitu.

Hapa nawaomba msisinzie. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, haya makato matatu hutolewa kwanza, ndipo kodi ihesabiwe kwa kilichobaki. Kwa hivyo ukiona kwenye pesilipu yako kodi imepigwa kwa 40,000 nzima, usiende kulalamika kwa jirani. Rudi kwa karani. Mwambie kwa adabu. Makarani pia ni watu, na programu zetu nyingine za mishahara hazijaguswa tangu zinunuliwe.

Haya, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, ile PAYE. Watu wengi wanadhani ukifika daraja la asilimia 30, basi mshahara wote unakatwa asilimia 30. Nimewahi kumwona mtu mzima, ana wajukuu, akikataa nyongeza ya mshahara kwa kuogopa "kupandishwa daraja". Nilimbembeleza kutwa nzima. Kodi ni kama kumimina maji kwenye vikombe vilivyopangwa mstari. Kikombe cha kwanza kinachukua shilingi 24,000, na kinatozwa asilimia 10. Kikijaa, yanayomwagika yanaingia cha pili, kinachochukua 8,333, asilimia 25. Hicho nacho kikijaa ndipo yaende cha tatu, asilimia 30, ambacho ni kipana hasa, mpaka mtu afike 500,000. Huko juu zaidi kuna viwili vingine. Mkivifikia, mtakuwa na wahasibu wenu wenyewe.

Kijana wetu ana 35,900 za kumimina. Kikombe cha kwanza: kodi 2,400. Cha pili: 2,083 na senti. Zimebaki 3,567 za kuingia cha tatu: kodi 1,070. Jumla 5,553. Halafu serikali inamrudishia nafuu ya 2,400 ambayo kila mkaazi anayelipa kodi anayo kwa kila mwezi. Kodi anayolipa kweli ni 3,153.

Alizoahidiwa: 40,000. Zinazolia kwenye simu: 32,746.

Naona wengine mnatazamana. Ndiyo. Zaidi ya 7,000 zimepita milangoni. Na sijataja Sacco, sijataja mkopo, sijataja chama cha wafanyakazi.

Lakini ile pembeni niliyowaambia tuiweke, sasa tuirudie. Tajiri ametoa 40,000, na 2,400 za NSSF, na 600 za nyumba, na shilingi 50 za NITA za mafunzo. Kwake yeye kijana huyu anagharimu 43,050. Ndiyo maana mkiingia kuzungumza mshahara hamwelewani: yeye anazungumza akiwa na 43,050 kichwani, barua inasema 40,000, na wewe unapiga hesabu ya kodi ya chumba kwa 32,746. Watu wawili, meza moja, tarakimu tatu. Kila mmoja anamwona mwenzake mchoyo.

Sasa swali ambalo kijana pale wa shati la buluu ananyoosha mkono kuuliza tangu muda: je, nikitaka 40,000 ziingie mkononi? Basi barua isome karibu 51,500. Na ukishaingia kikombe cha tatu, kila shilingi 1,000 unayoongezwa kwenye karatasi, mkononi zinafika kama 628. Ukienda kuomba nyongeza ya 5,000 ili ulipie nauli ya 5,000, umeshapungukiwa kabla hujapanda matatu.

Kwa mshahara mdogo hesabu hugeuka. Mtu wa 25,000 anatoa NSSF 1,500, SHIF 687 na nusu, nyumba 375. Zinabaki 22,437 na nusu. Hazijazi hata kikombe cha kwanza, na ile nafuu ya 2,400 inafuta kodi yote. PAYE yake ni sufuri. Kwa hivyo ukiwa chini ya kama 26,700 na pesilipu inaonyesha PAYE, kuna mtu kakosea hesabu, au kuna mtu hakukosea.

Na kabla sijaacha mishahara midogo. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika miji kama huu wetu, kwa kiwango kilichowekwa Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75. Hiyo ni ya msingi, posho ya nyumba haimo. Posho ni asilimia 15 juu yake. Jumlisha, unapita 18,500. Kwa hivyo tajiri anayekuambia "nakupa 17,000, kila kitu ndani" akidhani amekupita kima cha chini, hajakipita. Wengine hawajui. Wengine wanajua sana.

Hapo tumegusa neno linaloumiza watu: "kila kitu ndani". Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe pa kulala panapofaa, ama akulipe pesa ya nyumba juu ya mshahara. Lakini inamruhusu mkataba wake useme kwamba mshahara umejumlisha nyumba. Basi someni. Kampuni mbili zinaweza kukupa 40,000 zote, na zisiwe sawa. Moja imeandika msingi 40,000, nyumba imo ndani. Nyingine imeandika msingi 30,000, nyumba 6,000, nauli 4,000. Ghafi ni moja, makato ni yale yale, pesa ya mkononi haitofautiani hata senti. Utaliona jambo siku utakapobaki kazini baada ya saa. Kwa kanuni ya jumla ya mishahara, saa ya ziada siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, na hupigwa kwa mshahara wa msingi uliogawanywa kwa 225. Wa kwanza saa yake ni 266. Wa pili 200. Meli ikichelewa na mkalala kazini mwezi mzima, mtajua tofauti ni nini.

Nije kwa jambo ambalo, wallahi, ndilo lililonitoa nyumbani leo. Siku hizi vijana mnaniambia kwa furaha: "Bi, mimi nimepatana neti. Tajiri ameniahidi 40,000 mkononi, makato anayajua yeye." Mnaona mmeshinda.

Haki yake tuiseme. Mtu wa neti ana kinga moja. Ushuru wa nyumba ulipoanza kukatwa Julai 2023, wenye barua za ghafi waliona pesa ya mkononi imepungua na barua haijabadilika hata nukta. Wenye mkataba wa neti hawakuhisi. Tajiri ndiye aliyehisi. Hiyo ni kweli na siwezi kuifuta.

Ila tazama upande wa pili. Ukisema "makato anayajua yeye", umeacha kuuliza. Na penye mtu asiyeulizwa ndipo pesa hujifunza kutembea. Nimeona tajiri anampa mtu 40,000 mkononi, serikalini anaandika mshahara ni 20,000, nyingine anatuma kwa M-Pesa. Kijana anafurahi. NSSF yake inakatwa kwa 20,000. Akienda kuomba mkopo, benki inaona 20,000. Akifutwa kazi kinyume cha sheria akaenda kortini, fidia, ambayo yaweza kufika mishahara ya miezi 12, huhesabiwa kwa ghafi. Ghafi ipi? Ya karatasi ni 20,000, na sasa ndiye yeye wa kuhangaika kuthibitisha ile nyingine. Na kodi ikishuka siku moja, ile nafuu inabaki kwa tajiri. Wewe ulipatana 40,000, na 40,000 utapata.

Ndiyo maana mimi ushauri wangu haujabadilika tangu niache ofisi: patana ghafi, iandikwe, halafu kaa chini na kalamu ujipigie mwenyewe ya mkononi. Kama tajiri amesema kwa mdomo "elfu arobaini", muulize pale pale: ni kabla ya makato au baada ya makato? Maneno manane, hayamkasirishi mtu mwema. Akijibu, mwambie aliandike. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi kisheria huwa wa maandishi, na kiwango cha mshahara na namna kinavyopigwa ni katika mambo yanayotakiwa yawemo.

Mitego mingine niipitie mbio, muda unayoyoma. Mtu akikuambia kwamba kipindi cha majaribio hakuna makato mpaka uthibitishwe, anajiokolea pesa zake, hakusaidii. Makato huanza mwezi wa kwanza. Mwingine atakuandika mshauri, konsaltanti, akukate kodi ya zuio ya asilimia 5 tu, na uone mkononi zimejaa. Lakini unaingia saa mbili asubuhi, unatoka saa kumi na moja, unaomba ruhusa kwenda msalani, na vifaa ni vyake. Ushauri gani huo? Hakuna NSSF, hakuna likizo ya siku 21, na Juni ukienda kujaza fomu ya KRA, mamlaka ya kodi, unakuta deni la kodi lako mwenyewe.

Sasa makato ya ndani, yasiyo ya serikali. Jueni kuna ukuta. Makato yote kwa jumla, ya serikali na ya Sacco na ya mkopo, hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara. Theluthi moja lazima ikufikie. Kwa kijana wetu ni shilingi 13,333. Niliwahi kukataa kupitisha mkopo wa mwenzangu wa kazini kwa sababu ungevunja ukuta huo. Alininunia miezi minne, alikuwa akipita dirishani kwangu anatazama bahari. Mwezi wa tano akaniletea mahamri.

Na glasi zilizovunjika? Najua watu wa hoteli mnalisubiri hilo. Sheria inamruhusu mwajiri kukata kiasi kinachofaa kwa mali iliyoharibika kwa makusudi ya mfanyakazi. Sahani iliyokuponyoka chakula cha usiku kimepamba moto si makusudi. Anayeshika pesa, kama keshia, yeye ana kifungu chake cha upungufu uliotokana na uzembe au udanganyifu. Keshia asome mkataba wake mara mbili.

Niwaambie la mwisho katika haya, na hili linaniuma. Nilikuwa na mwenzangu, tumefanya naye kazi mahali ambapo sitapataja. Kila mwezi pesilipu yake ilionyesha NSSF imekatwa, SHIF haikuwako wakati ule, NHIF imekatwa, kila kitu safi. Siku ya kustaafu akaenda kuuliza akiba yake. Akaunti ilikuwa na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Miezi ipo, miezi haipo. Pesa ilitoka kwake, haikufika kule. Wahenga wetu walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini huyu daftari alikuwa nalo. Pesilipu zote alizitunza ndani ya bati la biskuti chini ya kitanda. Alichokosa ni kwenda kulinganisha daftari lake na lile la upande wa pili.

Kwa hivyo msiishie kusoma pesilipu. Pesilipu ni maneno ya tajiri. Uliza NSSF michango yako imefika mpaka mwezi gani, kwa akaunti yako ya mtandaoni au uende ofisini kwao. Ya afya, piga *147# uangalie. Kodi hutakiwa kufika KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na kila mwaka mwajiri anakupa fomu ya P9 yenye mshahara na kodi yako ya miezi yote. Iweke juu ya meza, zipange pesilipu zako 12 kando yake, ujumlishe. Zikikubaliana, jaza fomu yako kabla ya tarehe 30 Juni. Zikikataa, umepata la kuuliza mapema, kabla hujaota mvi. Tena msichelewe: madai ya mkataba wa kazi kortini yana miaka mitatu, baada ya hapo mlango umefungwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona, mwanangu.

Nimekuja na kikokotoo, kalamu mbili, na miwani. Mwenye barua ya kazi, hata kama bado hajaitia sahihi, hasa kama hajaitia sahihi, nitakuwa pale chini ya mwarobaini mpaka adhuhuri. Mje nayo tuipigie hesabu pamoja. Kijana wa shati la buluu, wewe uwe wa kwanza, nimeona umeikunja mfukoni tangu nianze.